Mwili Hauzoei Usiku

Uliza popote katika mwambao wa Rumonge mvuvi anawezaje kukesha ziwani, utajibiwa kwamba ameshazoea. Wenye mitumbwi husema hivyo, wachuuzi wa ndagala husema hivyo, na wavuvi wenyewe wameukubali uongo huu unaowanufaisha wanaolala.

Saa ya mwili haijali ushupavu wa mtu. Ni kifundo cha seli za neva zipatazo 20,000 ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale neva za macho zinapopishana. Mzunguko wake huzidi saa 24 kwa dakika chache, kwa hiyo lazima urekebishwe kila siku, na kinachourekebisha hasa ni mwanga unaoingia machoni.

Sasa mtazame mvuvi. Jioni anaingia ziwani, anawasha taa, anangoja ndagala wapande. Ikifika saa kumi alfajiri joto la mwili wake liko chini kabisa na akili imezubaa, naye ndiyo kwanza anavuta wavu gizani. Kisha anageuza mtumbwi kurudi. Rumonge iko upande wa mashariki wa ziwa, maana yake anarudi akilikabili jua linalochomoza milimani. Macho yanapeleka habari moja tu ubongoni: kumekucha. Anakaa ufukweni akibishania bei, halafu saa nne anajilaza chini ya bati la moto na kutarajia usingizi.

Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri, hivyo anapumzika na kulala usiku kama jirani zake. Kama mwili ulikuwa umeanza kugeuka, sasa umerudi ulikotoka. Kuzoea kutatoka wapi?

Taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilitamka mwaka 2007, ikarudia mwaka 2019, kwamba kazi ya usiku yaelekea husababisha saratani. Lakini huku kwetu utaambiwa babu zetu walivua usiku na hawakufa. Nani aliwahesabu waliosinzia wakatumbukia?

Mvuvi akifika nchi kavu avae kofia pana, aende moja kwa moja kwenye chumba chenye giza, na ndagala wauzwe na mtu aliyelala usiku. Mwenye mtumbwi akidai hana pesa ya kumlipa huyo muuzaji, aamke yeye akauze.