Baraza la Piltover lilishajimaliza kabla ya roketi ya Jinx

Wadau wa Arcane, leo tuambiane ukweli. Kama hujamaliza misimu yote miwili ishia hapa, urudi ukimaliza, maana sifichi kitu.

Tangu msimu wa kwanza uishe mwaka 2021, lawama zote kabebeshwa Jinx. Eti baraza lilikuwa linanyoosha mikono kupitisha amani, kaja binti na roketi yake kaharibu kila kitu. Sawa, roketi karusha yeye na damu iko mikononi mwake, simtetei. Ila mimi nasema lile baraza lilikuwa limeshajimaliza lenyewe kitambo.

Hebu angalia waliokaa kwenye ile meza. Kuna Mel Medarda, binti wa ukoo wa kivita wa Noxus mwenye pesa zake. Kuna mama Kiramman. Kuna matajiri wengine na heshima zao. Jayce, kijana aliyewahi kushtakiwa mbele ya baraza hilohilo, kashikwa mkono na Mel, ghafla naye mjumbe! Hata kiti hakijapata moto kaitisha kura ya kumstaafisha Heimerdinger, mzee aliyeshiriki kuuanzisha mji wenyewe. Sasa niambie, kwenye meza hiyo nani katoka Zaun? Hakuna. Hata mmoja.

Watu wa chini wanavuta moshi, askari wanashuka kuwapiga, halafu mambo yao yanaamuliwa ghorofani na watu ambao wengi wao kule hata njia hawaijui. Vi aliposimama na Caitlyn kuwaeleza hali ilivyo, wakaishia kubishana wao kwa wao. Jayce kaja kushtuka baada ya mtoto kufa kwenye kiwanda walichovamia yeye na Vi. Jamani, mpaka mtoto afe?

Na hiyo amani yenyewe ilipatikanaje? Jayce kakaa na Silco, wanaume wawili, wakagawana hatima ya mji mzima. Silco ndiye aliyekuwa anauza shimmer, ile dawa iliyowamaliza watu wa Zaun. Nani alimchagua awasemee? Ekko na wenzake waliokuwa wanapambana na shimmer na kuwahifadhi watu hawakuulizwa chochote. Halafu bei ya uhuru ikawa Silco amtoe Jinx, mtu aliyemlea kama mwanawe. Msema pweke hushinda, ndiyo, ila ushindi wa namna hiyo haudumu.

Najua kuna watakaosema uhuru ni uhuru, hata ukiletwa na mtu mbaya. Ni hoja, siikatai. Lakini uhuru uliosainiwa na watu wawili, hata mmoja wao akighairi, wa chini atamdai nani?

Ushahidi upo msimu wa pili, ule wa 2024. Wajumbe watatu wamekufa, mji umejaa hofu, Ambessa anaingia kiulaini. Caitlyn, akiwa na uchungu wa mama yake, anapewa madaraka ya kijeshi, na baraza linawekwa pembeni. Uliona wananchi wakiandamana kulidai lirudi? Mimi sikuona. Watu hawawezi kulililia baraza ambalo halijawahi kuwa lao.

Mwisho kabisa, baada ya vita na makaburi yote yale, ndipo tunamwona Sevika kakaa kwenye meza ya baraza. Mwanamke wa Zaun, kwenye kiti. Wengi walishangilia, mimi nikajiuliza: kumbe nafasi ilikuwepo siku zote? Kiti kimoja tu kingetolewa mapema, ni wangapi wangekuwa hai?

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Zaun walingoja miaka na miaka, Jinx ndiye aliyechoka kungoja.

Mimi nimemaliza. Kwako wewe, mwenye kosa ni aliyerusha roketi au waliofunga mlango? Shusha maoni yako hapo chini, ila matusi hapana.