Hapana Moja Kati ya Kura 421

Ijumaa ya tarehe 14 Septemba 2001 mvua ilikuwa ikinyesha Washington. Basi la kuwapeleka wabunge kwenye ibada ya kuwaombea waliouawa katika mashambulizi ya siku tatu kabla lilikaribia kuondoka, na Barbara Lee, mbunge wa Oakland, California, alikuwa bado anazungumza na mwenzake Elijah Cummings ndani ya jengo la Bunge. Hakuwa amepanga kwenda. Dakika za mwisho akabadili nia, akashuka ngazi mbio na kuliwahi basi, kopo la soda ya tangawizi lingali mkononi. Ameisimulia habari hiyo mara nyingi, na hilo kopo halikosekani.

Kanisani alimsikia kasisi akiomba kwamba taifa, katika kujibu mapigo, lisije likageuka kuwa ule uovu linaoulaani. Siku hiyohiyo alisimama katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, sauti ikimkatika, akayarudia maneno ya kasisi katika hotuba ya dakika mbili hivi. Kisha akapiga kura yake juu ya hoja ya kumruhusu Rais kutumia nguvu za kijeshi. Ndiyo zilikuwa 420, hapana ikawa 1. Kule Seneti ilishatoka 98 kwa 0.

Toleo hili linahusu mabunge na vita, na tumeona tuanze na mama huyu kwa sababu wengi wanaomsifu wanamsifia jambo ambalo silo. Wanamwita mpenda amani, kana kwamba alilala na kuamka akichukia bunduki. Ni binti wa mwanajeshi. Baba yake, afisa aliyepigana Vita Kuu ya Pili na Korea, alimpigia simu kumwambia amefanya sawa. Alichokikataa Lee ni karatasi iliyowekwa mezani.

Isomeni karatasi yenyewe. Kifungu chake chenye nguvu kina maneno 60 tu kwa Kiingereza. Kinamruhusu Rais kutumia nguvu zote zinazohitajika na kufaa dhidi ya mataifa, vikundi au watu ambao yeye mwenyewe ataamua kwamba walihusika na mashambulizi yale au waliwahifadhi wahusika. Utafute humo jina la nchi, hulioni. Jina la adui halimo. Tarehe ya kukoma haimo. Lee aliifananisha ruhusa hiyo na hundi iliyotiwa saini kabla ya kujazwa kiasi, na kila aliyewahi kumwachia mtu hundi ya namna hiyo anajua kinachofuata.

Wapo watakaosema sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kumpigia makofi. Al-Qaeda ilituua sisi kwanza: tarehe 7 Agosti 1998, Nairobi na Dar es Salaam, zaidi ya watu 200, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au njiani. Hoja hiyo siipuuzi, na hasira ile ilikuwa halali. Ila tazameni hundi ilikokwenda. Al-Shabaab haikuwepo mwaka 2001. Mwishoni mwa 2016 serikali ya Obama ikaamua kwamba nayo imo ndani ya yale maneno 60, na mashambulizi ya anga huko Somalia yakapata kivuli cha sheria iliyopitishwa kabla kundi lenyewe halijazaliwa. Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 wapiganaji wa kundi hilo walivamia kambi ya Ghuba ya Manda, Lamu, wakawaua Wamarekani watatu. Kutoka ukumbi wa Washington hadi mikoko ya Lamu ni mbali, lakini karatasi ni ileile.

Sasa turudi nyumbani. Ibara ya 44 ya Katiba ya Tanzania inamwachia Rais kutangaza vita, kisha ndani ya siku 14 Spika aitishe Bunge lifikirie kupitisha, au kutopitisha, azimio la kumuunga mkono. Kenya, kwa Katiba ya 2010, imelipa Bunge la Taifa mamlaka ya kuidhinisha tangazo la vita. Hata hivyo, askari wa Kenya walipovuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, serikali ilishika haki ya kujilinda iliyomo katika Hati ya Umoja wa Mataifa, na idhini ya Bunge ikaja baadaye. Na Vita vya Kagera? Mwalimu Nyerere alitutangazia mbele ya wazee wa Dar es Salaam, ukumbi wa Diamond Jubilee, tarehe 2 Novemba 1978. Adui alikuwa ameshaingia ndani ya nyumba, na sidhani kama kuna mbunge ambaye angethubutu kusema siyo.

Lakini si kila vita vitakuja na adui aliyekwisha kukaa sebuleni. Vingine vitakuja kama operesheni, kama makubaliano ya ulinzi, kama kikosi cha kulinda amani kisichorudi. Siku hiyo tutasikia tulichozoea kusikia: "Wanaoafiki waseme ndiyo." Mngurumo. "Wasioafiki waseme siyo." Sauti mbili tatu za nyuma, na vicheko. "Nadhani walioafiki wameshinda." Meza zinagongwa. Kwenye Hansard unabaki mstari mmoja ndani ya mabano, kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Zile sauti za nyuma hazina jina. Mjukuu wa askari aliyezikwa ugenini hatajua nani alisema siyo, wala kwa nini.

Dodoma, bajeti ya Serikali hupigiwa kura kwa kuita jina la mbunge mmoja mmoja. Tunachodai ni kwamba damu ipewe angalau heshima ya fedha: kila hoja ya kupeleka askari nje ipigiwe kura kwa majina, na itaje adui, mahali na tarehe ya kurudi Bungeni kuomba upya. Mbunge atakayeona hilo ni usumbufu ajue kwamba Lee alitishiwa kuuawa, akalindwa na polisi, na mwaka uliofuata wapiga kura wake wakamrudisha kwa zaidi ya asilimia 80.

Mwaka 2017 kamati ya matumizi ya Baraza la Wawakilishi iliyapitisha marekebisho ya Lee ya kuifuta ruhusa ile, wajumbe wakapiga makofi. Viongozi wa Baraza wakayaondoa kimyakimya kabla hayajafika ukumbini. Tangu 2025 Barbara Lee ni meya wa Oakland. Yale maneno 60 bado ni sheria.