Majengo Mazuri Yasiwe Mtego wa Ndege

Asubuhi ya Oktoba 5, 2023, katika mji wa Chicago, Marekani, ndege wapatao 960 waliokotwa wamekufa kandokando ya jengo moja tu, ukumbi wa mikutano wa McCormick Place ulioko ufukweni mwa Ziwa Michigan. Hawakupigwa risasi wala kulishwa sumu. Walikuwa katika safari yao ya kila mwaka ya kwenda kusini, wakavutwa na taa zilizoachwa zikiwaka usiku, wakajibamiza kwenye kuta za vioo.

Si haki kulichukulia jambo hili kuwa ni la Wamarekani na maghorofa yao. Huko Ngulia, katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, si mbali na mpaka wa Tanzania, taa za hoteli ya watalii huwateremsha ndege wahamaji kwa wingi nyakati za usiku wa ukungu, Novemba na Desemba. Tangu mwaka 1969 wataalamu huwanasa hapo, huwavisha pete miguuni na kuwaachia. Ushahidi basi uko mlangoni: ndege watokao Ulaya na Asia hupita usiku katika anga ya Afrika Mashariki, na taa huwapoteza njia. Ngulia hupokewa na nyavu za wataalamu. Mjini watapokewa na vioo.

Ndege hatambui kioo. Akionacho ni anga na miti iliyoakisiwa humo, naye huliendea anga hilo la uongo kwa kasi yake yote. Mmoja hufa papo hapo; mwingine hujikokota akafia kichakani. Aliyeanguka chini ya dirisha huzolewa na mfagizi pamoja na takataka kabla wakubwa hawajafika ofisini, na hasara hiyo haiingii katika jalada lolote.

Serikali imehamia Dodoma, na huko Mtumba wizara zimekuwa zikijengewa maofisi ya ghorofa. Dar es Salaam nayo inazidi kuvaa vioo. Hapana anayepinga maendeleo hayo. Lakini ukuta wa vioo unaosifiwa kuwa ni wa kisasa ndio huo huo unaoliingiza jua la Dodoma ofisini, kisha fedha za umma zikatumika kununua viyoyozi.

Dawa yake inajulikana. Mwaka 2024 vioo vya McCormick Place vilibandikwa utando wenye vidoa vidogo, na vifo vikapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Alama hizo hapana budi ziwe upande wa nje wa kioo na zisiachane kwa zaidi ya sentimita 5. Picha moja ya mwewe katikati ya dirisha ni pambo tu. Mji wa New York, tangu mwaka 2021, unazitaka nyumba mpya zitumie vioo vya namna hiyo. Kwa jengo ambalo bado liko katika michoro, kazi ni ndogo kuliko kubandika baadaye.

Watakuwapo watakaocheka, hasa wale waliokwisha kuona kwelekwele wakimaliza shamba la mtama. Kicheko hicho kina sababu, ila kinamlenga asiyehusika. Mbayuwayu na wengi wa wahamaji wadogo ni walaji wa wadudu, nao humfanyia mkulima kibarua kisicho na ujira. Tena, Tamko la Arusha la Septemba 1961 (lisichanganywe na Azimio la mwaka 1967) liliitwika nchi hii dhamana ya viumbe wake wa porini mbele ya dunia nzima, wala halikuishia kwa simba na tembo.

Ofisa anayepitisha michoro ya jengo la umma anaweza kumwuliza msanifu swali moja kuhusu vioo kabla ya kutia saini. Mtumishi wa mwisho kutoka ofisini anaweza kuzima taa, hasa kuanzia Oktoba hadi Desemba, na tena Machi na Aprili ndege wanaporejea kaskazini; hati ya umeme nayo itapungua. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi wake daftari la kuandika tarehe, mahali na aina ya kila ndege aliyeokotwa chini ya dirisha, na daftari hilo likijaa lipelekwe kwa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, Arusha.