Mkongojo si Aibu, Wala si Ushahidi wa Uchawi

Katika vijiji vya Mkoa wa Singida, kwa Wanyaturu na Wanyiramba, fimbo humfuata mtu tangu utoto hadi uzeeni. Mvulana huswagia ng'ombe, mtu mzima huishika safarini, na mzee aketipo barazani huisimamisha mbele yake, akaegemeza viganja juu yake, na neno lake likasikilizwa. Hayati Mwalimu Julius Nyerere naye hakuachana na kifimbo chake, ingawa hakikuwa cha kuegemea.

Lakini fimbo hiyo hiyo hubadilika maana inaposhikwa na mwanamke. Babu mwenye mkongojo husemwa kuwa ana hekima. Bibi mwenye mkongojo, macho yamemwiva kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, hunong'onwa kuwa ni mchawi. Mauaji ya vikongwe yaliyoutia doa Mkoa wa Shinyanga na sehemu nyingine za Kanda ya Ziwa yalitanguliwa na minong'ono ya namna hiyo. Huo si utamaduni. Ni ujinga, na ujinga ni adui aliyetangaziwa vita tangu Uhuru mwaka 1961.

Bibi anayeogopa kunong'onwa huuacha mkongojo nyumbani. Akiteleza njiani kwenda kisimani na kuvunjika nyonga, mara nyingi huo ndio mwisho wa kutembea kwake.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaka kila mtu afanye kazi, isipokuwa watoto wadogo, wazee sana na wasiojiweza. Maana yake ni kwamba hao wana haki katika jasho la wenzao wenye nguvu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo ilimtambua mwenye miaka 60 na zaidi kuwa mzee anayestahili huduma. Hata hivyo, fimbo ya mbali haiui nyoka. Sera iliyofungiwa kabatini haimsaidii mzee aliyesimama saa nzima mbele ya meza ya mtumishi wa umma, ameegemea mti, huku vijana wakihudumiwa kwanza.

Wajibu wa mtumishi ni kumpa mzee kiti kabla ya kumwuliza shida yake. Wajibu wa mwalimu ni kuwafundisha watoto kwamba macho mekundu ni maradhi yanayotibika, na kuwaongoza kuwachongea wazee wa kijiji mikongojo iliyo sawa. Kazi yenyewe si ngumu: mti mkavu usiopinda, urefu wa kufika kwenye kifundo cha mkono unaoning'inia, na kipande cha mpira wa tairi nchani ili usiteleze. Mzee naye aelezwe aushike kwa mkono ulio kinyume na mguu unaouma.

Mtoto aliyemchongea bibi mkongojo kwa mikono yake hatakuwa mwepesi wa kumwita mchawi. Hapo ndipo heshima ya babu barazani itakapokuwa pia heshima ya bibi njiani.