Joka Halina Bei

Jumamosi moja usiku, hapa Bulapesa, tuliua joka. Tulikuwa watano kwenye mkeka, chai ya maziwa ya ngamia kwenye thamosi, dadu moja ya pande ishirini ikizunguka kwa zamu. Kwa asiyeijua Dungeons & Dragons: mmoja anasimulia dunia, wengine wanajifanya mashujaa ndani yake, dadu inaamua nani anapona. Msimulizi ni mimi. Vita vilichukua masaa matatu. Kabla sijamaliza kueleza joka linavyokata roho, msee mmoja akatoa simu. "Ngoja kwanza. Meno ni mangapi? Hapa wanasema kila jino ni dhahabu hamsini."

Alikuwa amepakua orodha ya bei. Kurasa kwa kurasa: jicho la zimwi hili, nyongo ya lile, magamba kwa kilo. Nikamwambia kwenye dunia yangu joka halina bei. Kukawaka. Tulibishana mpaka jirani akagonga ukuta. Sikumaliza hoja yangu usiku ule, kwa hivyo naimalizia hapa, na yeyote mwenye orodha kama ile kwenye simu yake asome vizuri.

Nianze na wale watakaonipigia makofi bure. Kuna wachezaji wanaosema shujaa hachuni, ati ni uchafu, ati ni tamaa. Hao siko upande wao. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, mjomba alinichukua kazi machinjioni. Miezi minane nilishika miguu ya mbuzi huku yeye akichuna. Kule hakuna kinachoachwa kilale. Kichwa na miguu vinaenda kwa mama wa supu. Matumbo yana wateja wake. Nundu ya ngamia ina mwenyewe hata kabla mnyama hajachinjwa. Nyama ikizidi inakatwa vipande vidogo, inakaangwa, inahifadhiwa kwenye mafuta, ndiyo nyirinyiri hiyo, na utaila miezi mingi baadaye. Kwetu, kuua kitu kisha ukakiacha kioze ndiyo aibu. Kwa hivyo chuneni. Joka likianguka, lichunwe.

Lakini mjomba alinifunza pia kwamba kuchuna ni kazi. Kisu kikitoboa ngozi, bei inashuka. Ngozi isipotiwa chumvi mapema inaharibika, na joto la Isiolo halimsubiri mtu. Halafu anakuja broka, anaipindua ngozi kwa kidole kimoja, anakwambia leo soko limelala. Orodha ya yule msee haina kisu, haina chumvi, haina nzi, haina broka. Inasema tu: zimwi limekufa, andika mia tisa.

Na hapo ndipo ubaya ulipo. Bei iliyoandikwa tayari haingoji zimwi life. Inaanza kazi likiwa hai. Wiki mbili kabla ya joka, mashujaa wangu walikuta zimwi limelala kando ya kisima. Nilikuwa nimelipangia mambo mengi. Lilikuwa limezeeka, halijamdhuru mtu, na lilijua njia ya kuvuka mlima. Watu wa kijiji waliomba tu lisogezwe ili mifugo inywe maji. Wachezaji wakaangalia simu, wakaona ini lake ni dhahabu mia mbili, wakalichoma mkuki usingizini. Hakuna aliyeliuliza hata jina. Ilichukua dakika nne.

Orodha hizi si za jana. Mchezo wenyewe ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974. Kitabu chake cha mazimwi kilichotoka 1977 kilikuwa na ndovu ndani yake, na thamani ya pembe zake ikapigwa kwa vipande vya dhahabu. Mwaka huohuo wa 1977, serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Huku kwetu pembe zilikuwa na bei kweli, na ndovu walikuwa wanaisha. Silaumu kitabu. Nasema tu walioandika waliiona namba, sisi tuliiona mizoga.

Julai 1989, Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe za ndovu katika mbuga ya Nairobi. Aprili 2016, Rais Uhuru Kenyatta akachoma tani 105. Wako waliouliza, si afadhali kuuza mjenge shule? Jibu lilikuwa kwamba pembe ina thamani ikiwa juu ya ndovu aliye hai. Yaani nchi nzima ilisimama mbele ya moto ikasema nililosema mimi kwenye mkeka: hii haina bei.

Utaniambia ndovu ni mambo ya Samburu na Buffalo Springs, ya watalii. Sawa, tuongee punda. Kabla ya 2020 vichinjio vya punda vilikuwa na leseni Baringo, Nakuru, Machakos na Turkana. Ngozi ilikuwa inatafutwa China, inachemshwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Nyanya yangu alikuwa na punda mmoja wa kubeba maji, na punda yule alilala nje miaka yote bila kufungwa. Asubuhi moja hakuwepo. Tulimkuta kwenye laga, amechunwa kuanzia shingoni hadi kwatoni, nyama yote iko palepale. Hakuna mtu aliyekuwa na chuki na punda yule. Kulikuwa na bei tu. Kuanzia siku hiyo nyanya alibeba mtungi mgongoni, na majirani wakaanza kulaza punda wao jikoni.

Februari 2020 waziri alitangaza marufuku, 2021 Mahakama Kuu ikaiondoa, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi bara zima. Nyanya hakungoja kikao. Alishauza mtungi.

"Lakini ni mchezo tu," yule msee alisema. Ndiyo, ni mchezo, na ndiyo maana inaniuma. Pale mkekani ndipo mahali pekee ambapo mimi, mtu wa karo kushindikana, natunga uchumi mzima kwa penseli. Naweza kuweka mlima unaoongea. Kwa nini basi, kwenye dunia ambayo lolote linawezekana, tukaagiza yuleyule aliyekuja usiku kwa punda wa nyanya?

Kwa hivyo futa orodha. Zimwi likianguka, waulize wachezaji wako maswali manne. Nani kati yenu anajua kuchuna? Mtahifadhi na nini? Nani mwingine ana fungu lake hapa? Na anayenunua ni nani, akishanunua atarudi kutaka nini? Fundi wa kijiji akihitaji magamba ya kuezeka paa, patana naye bei, hiyo ni biashara ya watu. Akija mgeni asiyetaka nyama, anataka mioyo tu, na anataka hamsini, mwambie kila mchezaji ashike dadu. Hadithi imeanza.

Jumamosi iliyofuata tulirudi kwa mzoga. Hakuna aliyejua kuchuna, wakatoboa magamba mawili ya kwanza. Siku ya pili harufu ikapanda. Wanakijiji wakaja na sufuria, wakauliza nyama inagawanywa vipi, maana joka lilikula mbuzi wao. Yule msee wa orodha alitumia saa nzima akibembeleza bibi mmoja amkopeshe chumvi.

Mpaka leo hatujauza jino hata moja.