Mpaka Upimwe Mnadani, si Forodhani

Biashara baina ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hutajwa kuwa karibu asilimia 15 tu ya biashara yao yote. Kila tarakimu hiyo inaposomwa, watu wanatikisa kichwa: hatujaungana. Nakataa. Anayeamini hivyo aje mnadani Kisongo, Arusha.

Hapa dalali humshika fahali nundu, akambonyeza kwa kidole gumba, ndipo akataja bei. Mnunuzi mzoefu hajibu kabla hajajua kule Kajiado, upande wa Kenya, wanauzaje. Jina Kisongo lenyewe ni la Wamaasai wa Ilkisongo, ambao wako huku na wako Loitokitok, Kenya. Waingereza na Wajerumani waliwachorea mpaka mwaka 1886. Undugu haukukatika, wala ng'ombe hawakukoma kuvuka.

Forodha huhesabu kilichopita getini Namanga kikaandikwa. Ng'ombe aliyeswagwa usiku kwa njia za panya hayumo. Mwaka 2017 serikali yetu ya Tanzania ilikamata na kupiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya, kisha vifaranga 6,400 vilivyotoka huko vikateketezwa. Baada ya hapo, nani angepeleka mifugo yake getini kwa moyo mkunjufu? Mwaka uliofuata marais wawili wakazindua Namanga kituo cha pamoja cha huduma za mpakani. Ng'ombe yuleyule akiacha kupita porini akapita kituoni, takwimu zinapanda, na biashara haijaongezeka hata kwato moja. Tunachokipima hapo ni hofu ya mfugaji kwa serikali, tunakiita mtangamano.

Uganda imeliona hilo. Ofisi yake ya takwimu huweka watu mipakani wahesabu biashara isiyo rasmi. Hatua nzuri, ila mimi nataka bei. Fahali wa umri mmoja na unene mmoja, wiki ileile, bei yake iandikwe Kisongo na iandikwe Kajiado. Toa gharama ya lori, toa ushuru wa mnada. Pengo linalobaki ndio mpaka wenyewe: vibali, kuzungushwa, rushwa, woga. Likipungua mwaka hadi mwaka, tunaungana. Likipanuka, tunaachana, hata kama viongozi wanakutana kila mwezi.

Makao makuu ya Jumuiya yako hapahapa Arusha. Mleteni mtakwimu mmoja Kisongo, na mwenzake aende Kajiado, waanze na daftari.