Chakula cha jikoni kipite kwenye mrija pia

Hofu za kumlisha mtoto chakula cha kusagwa kupitia mrija wa kulishia ni za kweli, ila kwangu ni sababu ya kuwafundisha wazazi, si ya kuwakatalia. Mwaka 2011 madaktari wa hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto 33 waliolishwa hivyo baada ya upasuaji wa kuzuia chakula kupanda kooni. Kwa zaidi ya nusu yao, wazazi walisema kujikamua kutapika kumepungua kwa robo tatu au zaidi. Kundi ni dogo, nakubali, lakini nafuu hiyo si ya kupuuzwa. Na hapa Sweden maziwa maalumu ya kulishia kwa mrija, kwa watoto walio chini ya miaka 16, yana ruzuku, kwa hiyo mzazi wa Sundbyberg anayesaga wali, samaki na mchicha hakimbii gharama.

Wanaosema mrija utaziba hawajakosea. Mrija ukiwa mwembamba au ukiishia kwenye utumbo, hapana. Ukiwa mpana na ukiishia tumboni, chakula kikachujwa na kusukumwa kwa sirinji kikiwa kipya, hatari hupungua. Mimi naogopa maji zaidi: yakiongezwa ili chakula kipite, tumbo hujaa na mtoto hukonda. Afadhali kulegeza kwa maziwa yale yale maalumu na mafuta kidogo, mtaalamu wa lishe akipiga hesabu na uzito ukipimwa. Mzazi anayeficha blenda yake kwa kuogopa kukemewa hapigiwi hesabu hiyo na mtu yeyote.